Wasiliana na Msimamizi Wako

11 Aprili

Kwa shemeji yangu,

Salamu zikufikie hapo chuoni kwenye kompyuta zako. Mgongo unaendeleaje? Siku ya maziko nilikuona unakaa kwa upande kama mtu aliyekalia funguo. Mimi nipo. Nakula, nalala, nafagia. Mguu wa kushoto unavimba jioni, lakini asubuhi unarudi.

Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu sikio langu linakamata nusu na nusu nyingine najaza mwenyewe. Tena maneno ya simu hupaa. Ya karatasi naweza kuyarudia.

Jambo lenyewe ni kompyuta ya marehemu. Uliambiwa siku ya maziko kwamba koo lilimnyang'anya sauti tangu mwezi wa nane. Kuanzia hapo kaka yako alizungumza nami kwa kuchapa. Mimi nikiwa naosha vyombo, yeye anagonga meza mara mbili, nageuka, nasoma kwenye kioo. Alikuza herufi mpaka mstari mmoja ukawa na maneno manne tu, ili nisome nikiwa mbali. Nami namjibu kwa mdomo. Mtu aliyewachapia watu barua zao miaka thelathini, hata akiomba maji ya kunywa aliweka nukta mwishoni.

Yote hayo yamo humo, kwenye akaunti yake. Nenosiri hakuniachia. Mimi naingia kwa akaunti yangu, ile ya kuchezea karata.

Juzi nilinunua flashi, nikasema nitamwomba mtu anisaidie kuyatoa. Nilipoichomeka tu, kompyuta ikaandika: "Kitendo hiki kimezuiwa. Wasiliana na msimamizi wako."

Nilisoma mara tatu. Shemeji, kikao cha familia kilikuchagua wewe kuwa msimamizi wa mirathi. Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono. Lakini sikujua usimamizi unafika mpaka kwenye maneno ya mume wangu, wala sikujua kompyuta ilipewa habari kabla yangu.

Sisemi neno baya. Nauliza tu, kwa sababu siku ya tatu baada ya maziko, watu wakiwa uani, ulijifungia chumba cha kazi karibu saa nzima. Nilipogonga ulisema, "Nakuja, shemeji," halafu hukuja. Ulikuwa unafanya nini humo?

Shemeji yako wa nyumbani


24 Aprili

Kwa shemeji,

Nimefurahi kusikia unakula. Mguu uuinue juu ya mto ukilala, na usimame kidogo kidogo. Mgongo wangu ni ule ule, unaniamsha kabla ya saa.

Nilipofika kwenye "msimamizi" nilicheka, kisha nikaona si jambo la kucheka. Shemeji, huyo msimamizi si wa mirathi. Kila kompyuta ina akaunti kuu yenye mamlaka juu ya nyingine, na hiyo ndiyo inaitwa msimamizi. Kompyuta haijui kama kaka amefariki. Haijui kama kulikuwa na kikao.

Mashine hiyo ilikuwa ya maabara ya chuo. Zilipokuja mpya tuliruhusiwa kuchukua za zamani, nami nikamletea kaka. Pale maabara tunaweka masharti, yanaitwa sera: mwanafunzi asichomeke flashi, asibadilishe hiki, asiguse kile. Sera ni kama ile karatasi ambayo mwenye nyumba huibandika nyuma ya mlango. Wapangaji wamehama, nyumba imeuzwa, karatasi bado inakataza kupiga misumari. Kosa ni langu, nilitakiwa kuibandua kabla sijampa.

Sasa nisikilize vizuri. Kuna sera moja inanitia hofu. Binti yako alipokuja likizo mwaka juzi alifungua akaunti yake humo. Je, bado ipo? Nijibu upesi. Na mpaka nikuandikie tena, usiizime kompyuta wala usiiwashe upya. Iache hivyo hivyo. Nitatafuta daftari la maabara nione tuliweka nini.

Shemeji yako wa chuoni


6 Mei

Kwa shemeji,

Natumaini barua hii inakukuta na nafuu. Mguu nimeuinua, umepungua.

Akaunti ya binti haipo. Ilipotea siku moja tulipoiwasha kompyuta, pamoja na picha zake zote za mahafali. Alilia kwenye simu. Marehemu akasema ni mimi na kitambaa changu cha kufutia vumbi, na kwa wiki nzima nikifagia chumba hicho alikuwa ananyanyua kibodi na kuikumbatia kama mtoto mchanga. Sasa najiuliza ulijuaje, wewe uliye mbali, kwamba imepotea?

Nilimwonyesha barua yako fundi simu wa pale kona, yule tunayemwita Bisibisi. Akasoma, akanyonya meno, akasema, "Mama, mtu akikwambia usizime, jua yuko ndani."

Nikamuuliza, "Ndani ya nini?"

"Ndani ya mashine. Anakuona unavyokula."

"Aone nini? Nakula mkate mkavu."

"Basi anauona mkate."

Nilicheka, lakini niliporudi nyumbani nilishindwa kubadilisha nguo chumba kile. Nikachomoa waya ukutani, nikaifunika kompyuta shuka. Nisamehe kama nimekosea.

Bisibisi anasafiri, atarudi tarehe mosi Juni. Ameahidi kuja siku hiyo hiyo, ataiwasha na kuzifuta sera zote kwa mpigo. Ana programu ya kazi hiyo, anasema haiulizi maswali.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, shemeji. Umeeleza mlango wa mwenye nyumba na karatasi yake. Mlango wa chumba cha kazi uliojifungia hukuueleza. Mtu mwenye jibu jepesi angelitoa kwanza.

Shemeji yako wa nyumbani


15 Mei

Kwa shemeji,

Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi ili isilale njiani. Habari ya afya tutaulizana baadaye.

Kwanza mlango. Nilijifungia ili nijaribu kuifungua akaunti ya kaka. Nilijaribu nenosiri mara tisa: jina la mama, mtaa tuliokulia, mwaka aliooa. Zote zilikataa. Sikukwambia kwa sababu niliona haya.

Unajua mimi na kaka tulikwaruzana. Nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba kazi ya kuchapa imekufa, atafute nyingine kabla hajazikwa nayo. Baadaye nikajuta. Mwezi wa kwanza mwaka huu nilipiga simu mara tatu, na mara zote ulipokea wewe. Nilipoomba niongee naye ulisema, "Hawezi, shemeji." Basi. Mimi nikaelewa hawezi kuongea na mtu kama mimi. Nikanuna, nikaacha kupiga. Siku ya maziko ndipo nikasikia watu wakisema hakuwa na sauti miezi saba. Nilitaka kuona kama alinitaja. Hilo tu.

Sasa sera. Daftari limepatikana. Maabara tuliamuru hivi: akaunti ambayo mwenyewe hajaingia kwa siku tisini ifutwe, pamoja na kila kilichomo, kompyuta inapowashwa. Ndiyo iliyomeza picha za binti yako, kitambaa chako hakina hatia. Ulisema siku ya maziko kwamba kaka aliingia mara ya mwisho tarehe mbili Machi, jioni ya kwenda hospitali. Tisini zinatimia tarehe thelathini na moja Mei. Imezimwa, hivyo iko salama kwa sasa. Lakini ikiwashwa na fundi wako tarehe mosi Juni itafuta kwanza, ndipo yeye aanze kutafuta cha kufuta.

Iwashe kabla. Usingoje siku ya mwisho, maana mashine huhesabu kwa saa. Fanya hivi, polepole:

Chagua akaunti iitwayo Msimamizi. Nenosiri ni Ufagio7mrefu, U kubwa. Nilikuwa nafagia maabara siku nilipolitunga.

Kabla hujagusa sera yoyote, nakili. Fungua folda ya watumiaji, utaona yenye jina la kaka. Itauliza kama una ruhusa, bonyeza Endelea. Inakili yote uiweke kwenye diski, nje ya folda ya watumiaji. Fungua faili mbili tatu kwenye ile nakala, uhakikishe zinasomeka. Mtu habomoi ukuta kabla hajatoa vyombo.

Kisha shika kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na R. Kwenye kisanduku andika herufi hizi: gpedit, nukta, msc. Ingia Usanidi wa Kompyuta, Violezo vya Usimamizi, Mfumo, Wasifu za Watumiaji. Tafuta mstari wa kufuta wasifu wa zamani. Utakuta Imewezeshwa, na 90. Andika kwenye karatasi ulivyoikuta, kwa mkono wako. Kisha iweke Haijasanidiwa, uhifadhi. Badilisha hiyo moja tu. Washa upya, uangalie kama jina la kaka bado lipo. Ya flashi tutaifanya siku nyingine. Anayebadilisha kumi kwa mpigo, mambo yakiharibika hajui ni ipi iliyomng'ata. Programu ya Bisibisi ndiyo hiyo.

Kama huniamini, mwite mtu akae nyuma yako asome. Ukimaliza badili nenosiri, nisilijue tena. Sitaki nakala. Ila kama mahali fulani kaka alinitaja, niambie. Kama hakunitaja, niambie pia.

Shemeji yako wa chuoni


9 Juni

Kwa shemeji,

Usinune kwamba nimechelewa. Nipo mzima, na nimekuombea mgongo.

Barua yako ilifika tarehe kumi na nane. Niliiwasha kompyuta tarehe thelathini na moja, asubuhi. Ulisema nisingoje siku ya mwisho, nami niliingoja.

Nilitoa shuka, nikavaa miwani ya marehemu kwa sababu yangu ina mkwaruzo. Sikumwita mtu. Niliposhika kile kitufe cha dirisha nilikosea nikabonyeza na kingine, kompyuta ikaanza kunisomea kwa sauti kila nilichogusa, kama mwendawazimu. Nikaizima sauti. Nilinakili kwanza, kama ulivyosema. Ilichukua muda wa kupika maharage. Nikafungua faili tatu. Ya kwanza niliyoifungua imeandikwa: "Chai hii ina sukari ya harusi." Nikakaa chini kidogo.

Sera niliikuta pale pale uliposema, Imewezeshwa, 90. Nikaandika nyuma ya bahasha yako. Nikaiweka Haijasanidiwa. Kuwasha upya ndiko kulikonitoa jasho. Kioo kilikuwa cheusi muda mrefu kuliko kawaida, nami nikasema, basi, shemeji amenipata. Nisamehe, ndivyo nilivyosema, kwa sauti. Kisha yakaja majina matatu, la kwake katikati.

Kesho yake Bisibisi alikuja na programu yake. Nilimwambia kazi imekwisha. Akanywa chai vikombe viwili, akaizunguka kompyuta, akasema, "Hizi sera mtu amezifanya kizamani." Nikamwambia mtu mwenyewe ni mimi.

Nimechapisha mazungumzo yote. Ni kurasa themanini na sita, na kila ukurasa ameupa namba, ndivyo alivyozoea kazini. Alikutaja, shemeji. Hakukununia. Nakutumia kurasa zinazokuhusu, kuanzia wa thelathini na saba hadi wa arobaini na saba. Nyingine ni za mke na mume, hizo niachie.

Nenosiri nimebadilisha.

Shemeji yako wa nyumbani


20 Juni

Kwa shemeji,

Nakusalimu sana. Nimepata bahasha. Nilizisoma nikiwa stoo ya maabara, kati ya vioo vibovu, kwa kuwa ndipo mahali pekee ambapo mtu hanifuati kuuliza waya. Pale anaposema, "Mdogo wangu aliposema kazi yangu imekufa nilikasirika siku mbili, ya tatu nikaona ana haki, ila angenifunga mdomo kwa adabu," nilicheka mpaka nikalazimika kukaa.

Lakini shemeji, nimezihesabu. Umesema thelathini na saba hadi arobaini na saba. Hizo ni kumi na moja, na mkononi ninazo kumi.

Ukurasa wa arobaini unaishia hivi: "Amepiga tena leo. Nilimsikia kwenye simu. Tafadhali". Hapo karatasi imekwisha. Unaofuata ninao ni wa arobaini na mbili, unaanza: "mwezi ukiisha. Asante. Sasa nitalala."

Nani mwezi ukiisha?

Halafu ukurasa wa arobaini na sita anasema, "Pengine chuo hakikumpa ruhusa." Ruhusa ya nini? Mimi sikuomba ruhusa yoyote mwezi ule.

Huenda mashine yako ya kuchapisha imemeza karatasi, hufanya hivyo. Uikague. Mimi sikushuku. Nilikwambia kila kitu, hata nenosiri, hata yale majaribio tisa. Nataka tu karatasi moja.

Shemeji yako wa chuoni


2 Julai

Kwa mdogo wa mume wangu,

Safari hii sikuulizi hali, maana najua ninachokuletea.

Mashine haikumeza kitu. Ukurasa ulikuwa chini ya kitambaa cha meza, nami nikila juu yake asubuhi na jioni.

Uliponiuliza kwenye simu nikasema hawezi, nilimaanisha anaumwa. Hilo ni kweli. Lakini nilisikia kwenye sauti yako kwamba umeelewa vingine, nami nikakuacha uelewe hivyo. Mara tatu.

Ungekuja, angekuchapia wewe. Angekaa na wewe mchana kutwa, vidole vingechoka, na jioni mimi ningepata "usiku mwema" na nukta. Alikuwa amebakiza maneno machache, shemeji, na yote yalikuwa yangu. Sikutaka kugawana. Naye alipouliza kama nimekwambia, nilimdanganya. Nilimjibu kwa mdomo, kwa hiyo uongo wangu haumo kwenye kompyuta. Yamo majibu yake tu, na ukiyasoma utausikia.

Uliponiambia usiizime, sikuogopa kwamba unaniona ninavyokula. Niliogopa kwamba unausoma ukurasa huu. Na ulipoandika kuhusu zile siku tisini nilielewa mara moja. Ningeiacha na shuka lake mpaka tarehe mosi, Bisibisi angeiwasha, sera yenu ingefuta, na lawama ingekuwa ya chuo. Wiki mbili nilikaa na barua yako. Nilipika, nikafagia, nikapita mlangoni pa chumba kile bila kugeuza kichwa. Kilichoniinua siku ya mwisho si wema. Nilitaka kusikia tena ile ya chai. Sikuweza kuipata ile bila kuipata na hii.

Nakuletea. Hii ndiyo karatasi niliyochapisha, na sikubakiza nyingine. Sitakuomba unijibu.

Mke wa kaka yako


Ukurasa 41

mwambie sauti imekwenda, asidhani nimemnunia.

Mwambie kwa maneno hayo hayo. Ukisema naumwa atatuma dawa. Nataka aje.

Aje tu. Yeye anapenda kuongea, mimi nitachapa. Kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe hatutakatizana.

Umemwambia?

Amesema nini?

Kweli? Hakuuliza kama bado nimekasirika?

Basi kifungue chumba cha mbele kipate hewa. Toa lile godoro juani, mgongo wake si mzuri.

Rudia tena, nimependa kusikia. Anakuja